Sanduku Kutoka Malaya

Kila Ijumaa, shule ya shamba ilipofungwa, watoto wengine walikimbilia nyumbani kwa njia ya mkato, lakini Chepngeno alizunguka njia ndefu inayopita ofisini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na njaa ilimuuma kama ilivyowauma wenzake. Hata hivyo, ofisini ndiko barua zilikoletwa kutoka posta ya Nakuru, na hakuna ugali uliomvuta kuliko barua.

"Habari ya jioni, mzee," alisema mlangoni. "Kuna barua yetu?"

Mzee Hezekiah, nyapara wa wafanyakazi, alikuwa mtu mfupi aliyebeba funguo nyingi kuliko milango ya shamba zima. Aliinua macho, akatikisa kichwa. "Leo hakuna, mtoto wa Kosgei. Bahari ni kubwa, na barua haina miguu."

Ulikuwa mwaka wa 1952. Kosgei, baba yake Chepngeno, alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika. Siku chache baada ya Krismasi, yeye na wenzake walipanda garimoshi kwenda Mombasa, kisha meli kwenda Malaya, ambako kulikuwa na vita msituni. Shuleni kulikuwa na ramani kubwa ukutani. Siku moja Chepngeno alipima kwa mkono wake kutoka Nakuru hadi Malaya, akapata shubiri moja na nusu. Shubiri moja na nusu si mbali. Kwa nini basi mtu asirudi?

Nyumbani hakuna aliyesema kwamba ana hamu ya kumwona Baba, lakini kila mmoja alikuwa nayo kwa njia yake. Mdogo wake Kimaiyo, aliyekuwa na miaka mitatu, alikuwa ameanza kuusahau uso wa Baba, kwa hiyo kila mwanamume aliyevaa kaki alimwita Baba, hata yule mzee anayeogesha ng'ombe dawa. Mama naye, kila akipakua ugali, alikata vipande vinne. Kisha alikitazama kile cha nne, akakumbuka, akamtupia mbwa. Mbwa yule alinenepa sana mwaka ule.

Waliishi kwenye shamba la mzungu mmoja, maili saba kutoka Nakuru, upande wa Ngata. Wafanyakazi walimwita mzungu huyo Kofia Mbili, kwa sababu alivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, kwa kuogopa jua. Mama alipalilia mahindi yake kutoka asubuhi hadi jioni. Kabla ya kuondoka, Baba alikuwa amemwambia, "Nikipata cherehani huko ninakokwenda, nitaileta. Utashonea watu nguo, na hutapalilia mahindi ya mtu tena." Mama alicheka tu. Ahadi za wasafiri alikuwa amezisikia nyingi.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, Mzee Hezekiah hakungoja aulizwe. Alitoka nje akipeperusha karatasi ya manjano.

"Si barua," alisema, "lakini isome, uone."

Chepngeno aliisoma mara mbili, kisha akakimbia hadi nyumbani bila kushika njia yoyote. Mama, ambaye hakujua kusoma, alimtazama mdomo alipokuwa akisoma kwa sauti. Karatasi ilitoka stesheni ya Nakuru. Ilisema kuna sanduku moja kutoka Malaya, mtumaji ni Kosgei, ndani yake mna cherehani, na mwenyewe aje alichukue.

Mama alikaa chini palepale, jembe mkononi. "Kwa hiyo yu hai," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi Chepngeno alimwona akilia.

Alhamisi iliyofuata walitembea hadi Nakuru kabla jua halijawa kali. Huko walimtafuta Mzee Naftaly, mwenye mkokoteni wa punda. Naftaly alikuwa mtu wa Kiambu kwa kuzaliwa na wa Nakuru kwa kuzeeka. Alikuwa na punda wawili. Wa kwanza aliitwa Karani, kwa kuwa hakuanza kazi kabla hajabembelezwa. Wa pili, jike wa rangi ya majivu, aliitwa Sukari. Hao wawili ndio waliomlisha yeye na mke wake.

Watu walimwamini Naftaly kwa sababu ya desturi yake moja. Kabla ya kupakia mzigo, alimwita mwenyewe asimame karibu, akautikisa mzigo mbele ya sikio lake. Ukinyamaza, aliupiga kofi na kusema, "Sasa ni wangu." Akifika alikotumwa, aliutikisa tena mbele ya mwenyewe. Ukiwa bado umenyamaza, aliupiga kofi la pili na kusema, "Sasa ni wako." Kitu kikivunjika kati ya makofi hayo mawili, Naftaly alilipa bila ubishi. Wenye maduka walijua hivyo, na hata wasiojua kusoma walimpa mizigo yao bila karatasi.

Katika ghala la mizigo la stesheni, karani alisukuma kitabu na wino mbele ya Mama. "Tia kidole hapa, mama. Upesi, watu ni wengi."

"Ngoja kidogo, bwana karani," alisema Naftaly. "Kidole kikishaguswa na wino hakirudi nyuma. Kwanza tusikie." Aliliinua sanduku la mbao upande mmoja, akalitikisa mara tatu. "Mama, unasikia kitu?"

"Sisikii kitu," alijibu Mama.

"Na wewe, msichana?"

"Limenyamaza kabisa," alisema Chepngeno.

Mama akatia kidole. Naftaly akalipiga sanduku kofi. "Sasa ni yangu."

Kwenye ubavu mmoja wa sanduku, ubao ulikuwa umeachana na mwenzake, pakabaki nafasi ya kutosha mkono wa mtoto. Naftaly aliiona. Alipapasa mfukoni, hakupata msumari, akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya Menengai. "Itafika tu," alisema. Kisha akampandisha Chepngeno juu ya mkokoteni. "Wewe kaa hapo, shika hii sanduku kwa mikono miwili isicheze. Kazi yako ni hiyo moja tu. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Wakaondoka. Naftaly na Mama walitembea mbele na punda, wakizungumza habari za mvua. Chepngeno alilikumbatia sanduku kama mtu anayemkumbatia mgeni. Aliweka shavu lake juu ya mbao zilizoandikwa "Mke wa Kosgei" kwa rangi nyeusi, na mwandiko ulikuwa wa Baba. Herufi ya K ilikuwa na mguu mrefu, kama alivyoiandika siku zote.

Walipouacha mji nyuma, alichungulia kwenye ile nafasi. Ndani mlijaa maranda ya mbao, na katikati ya maranda aliona kitu cha rangi ya kijani. Aliingiza vidole akakigusa. Kilikuwa cha sufu. Alivuta kidogo, ikatokea mkono wa sweta, na kwenye kiwiko palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu. Kiraka hicho Mama alikishona mbele ya macho yake, siku ile Baba alipokuwa akifunga virago.

Chepngeno hakufikiri. Alivuta. Sweta ilikataa, akavuta zaidi kwa mikono yote miwili, maranda yakamwagika barabarani, na mwishowe ikatoka yote. Aliibana usoni. Palikuwa na harufu ya sabuni ya jeshi, na chini ya sabuni palikuwa na ugoro, na chini ya ugoro alikuwapo Baba mwenyewe, kama vile amesimama mlangoni akikung'uta viatu. Miezi saba yote Chepngeno alikuwa akijaribu kuikumbuka harufu hiyo, na ilikuwa imeanza kumponyoka. Sasa ilikuwa imerudi. Alifumba macho, akasahau barabara, akasahau punda, akasahau kazi yake moja.

Walipofika kwenye korongo lenye mawe, mkokoteni uliruka. Sanduku liliinuka upande mmoja, likaanguka kwa kishindo, na kutoka ndani ikasikika sauti kavu: ka!

"Iko sawa huko juu?" Naftaly aliuliza bila kugeuka.

Chepngeno aliisukuma sweta chini ya shuka aliyojifunga begani. "Iko sawa, mzee," alisema. Sauti yake haikuwa yake.

Nyumbani majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika, na Mzee Hezekiah alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, funguo zake mapajani. Naftaly aliliteremsha sanduku, akamwita Mama karibu, akalitikisa.

Kolong, kolong, sanduku likasema.

Hakuna aliyecheka. Naftaly alilitikisa tena, polepole, kama mtu anayetumaini kwamba amesikia vibaya. Kisha akachukua nyundo, akaling'oa vibao. Cherehani ilikuwamo, nyeusi, yenye maua ya dhahabu shingoni. Lakini lile gurudumu la chuma ambalo mshonaji hulizungusha kwa mkono lilikuwa limepasuka vipande viwili. Kimaiyo aliokota kipande kimoja, akakitoa kwa Mama kama zawadi.

Mama alikishika, akakigeuzageuza. Kisha alisema, "Labda ni meli. Labda ni garimoshi. Safari ni ndefu."

Naftaly alivua kofia. "Hapana, mama. Usinitafutie njia. Kule stesheni ilinyamaza, ulisikia kwa sikio lako. Hapa inasema. Imevunjika mikononi mwangu, na mimi sina cha kubisha."

"Utafanyaje, Naftaly?" aliuliza Hezekiah.

"Jumamosi ya wiki ijayo nitamleta Sukari hapa. Muuzeni, mnunue nyingine."

"Na mkokoteni? Punda mmoja hawezi kuuvuta."

"Najua," alisema Naftaly. Alivaa kofia yake, akageuza punda.

Chepngeno alisimama nyuma ya watu wote, shuka ameikaza kifuani. Alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo lilikuwa fupi. Lakini alijua kwamba akilisema, sweta itachukuliwa. Akalimeza.

Aliificha sweta ghalani, chini ya mahindi ya gunzi. Siku ya kwanza aliingia mara nne kuinusa. Siku ya pili aliingia mara mbili. Kila alipoibana usoni, Baba alikuja, lakini Naftaly naye alikuja nyuma yake, kofia mkononi. Siku ya nne sweta ilianza kunuka mahindi. Jumapili kanisani alifungua mdomo kuimba, sauti haikutoka, na jirani yake akamwuliza kama anaumwa na meno.

Jumatano alikutana na mkokoteni barabarani. Naftaly alimsalimu kwa Kikalenjin chake kibovu, kama ilivyokuwa kawaida yake. "Chamgei, msichana!"

"Chamgei, mzee," alijibu, macho chini.

Naftaly alikuwa akimlisha Sukari pumba kwa kiganja. "Namnenepesha kidogo," alisema. "Asije akaenda kwa watu akionekana hana mwenyewe." Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Chepngeno alikimbia mpaka shuleni, na siku hiyo alipata sifuri katika hesabu, jambo ambalo halikuwa limewahi kumpata.

Jumamosi ikafika. Naftaly alikuja kwa miguu, akimvuta Sukari kwa kamba. Mzee Hezekiah alikuja kuwa shahidi, na mkononi alikuwa na bahasha iliyokunjamana.

"Hii barua imefika zamani," alisema kwa hasira. "Kofia Mbili aliitia katika koti lake la mvua, na mvua haikunyesha! Leo ndiyo ameiona. Chepngeno, soma. Hata Naftaly asikie habari za aliyetuma mzigo."

Wote waliketi. Kimaiyo alijilaza kwenye mapaja ya Mama. Chepngeno alifungua bahasha, akaiona ile K yenye mguu mrefu. Akasoma:

"Mama Chepngeno, nakusalimu sana. Mimi ni mzima. Huku ni mvua na miti tu, na mbu wake ni wakubwa. Nimenunua cherehani na kuituma. Najua ulinicheka. Sasa ni zamu yangu kucheka."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja. Chepngeno alitupa macho kwenye mstari uliofuata, akakwama. Baba alikuwa ameandika: *Gurudumu lake ni la chuma kinachopasuka upesi, kwa hiyo nimelizungushia ile sweta uliyonishonea kiwiko. Sweta ikiwamo, gurudumu haliwezi kuguswa na kitu.*

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Hezekiah. "Mwandiko umekushinda?"

"Hapana, mzee," alisema Chepngeno. Katika uwanja ule hakuna mwingine aliyejua kusoma isipokuwa Hezekiah, na Hezekiah alikuwa ameketi mbali, bila miwani. Chepngeno aliuruka mstari. Akaendelea na ule wa chini yake:

"Mwambie Chepngeno asome kwa bidii. Nikiwa mbali, yeye ndiye macho ya nyumba yetu. Ninachoandika hukiona yeye kwanza, na ninyi mnaona kupitia kwake. Namwamini. Mbusu Kimaiyo. Mimi Kosgei."

Aliikunja barua. Mama alikuwa akijifuta machozi, na majirani walikuwa wakisema, "Ameandika vizuri, ameandika vizuri." Naftaly alisubiri mpaka wakanyamaza. Kisha akasimama, akampapasa Sukari kati ya masikio, akamnong'oneza maneno ya Kikikuyu ambayo hakuna aliyeyauliza maana yake. Akanyoosha kamba.

"Mama Chepngeno, pokea."

Mama alinyoosha mkono polepole.

"Mama, usishike hiyo kamba!"

Wote waligeuka. Chepngeno alikuwa amesimama, barua imefunguliwa tena. "Kuna mahali sikusoma," alisema. Akasoma mstari ule wa sweta, kila neno.

Hezekiah ndiye aliyezungumza kwanza. "Sweta? Mimi nilikuwapo sanduku likifunguliwa. Hakukuwa na sweta." Taratibu akamgeukia Naftaly, na macho ya majirani yakamfuata.

"Mimi sijaona sweta," alisema Naftaly. Kulipa ni jambo moja, lakini kuitwa mwizi baada ya miaka ishirini ya kubeba mali za watu ni jambo jingine.

"Si yeye!" Chepngeno alilia. "Ni mimi!"

Alikimbia ghalani, akarudi na sweta, maganda ya mahindi yakiwa yameshika kwenye sufu. Akaeleza yote: ile nafasi kwenye ubao, harufu, korongo, ile sauti. "Mzee aliniuliza kama iko sawa, nikamdanganya. Niliogopa mtaninyang'anya. Nilitaka tu kumnusa Baba."

Hezekiah aliinuka kutoka kwenye debe lake. Alikuwa amesikiliza kesi nyingi za ng'ombe na mipaka, na sasa alizungumza taratibu.

"Tupange jambo hili," alisema. "Aliyetuma alifunga vizuri, hana kosa. Meli na garimoshi hazina kosa, kwa sababu pale stesheni sanduku lilinyamaza na kidole kikatiwa. Mzigo ukiwa juu ya mkokoteni ni wa Naftaly, hilo yeye mwenyewe hakatai. Lakini mwenye mali akiingiza mkono wake ndani ya mzigo njiani, akatoa kilichoulinda, mzigo umerudi kwake saa ileile. Mchukuzi hawezi kulipia mkono wa mwenye mali. Naftaly, mrudishe punda wako nyumbani. Na utusamehe kwa macho tuliyokutazama nayo."

Naftaly alikuwa ameikunja kamba mkononi, lakini hakuondoka. "Mzee, umesema vizuri, lakini na mimi nina kipande changu. Ile nafasi niliiona. Nilikosa msumari mmoja, nikasema itafika tu. Tena nikampa mtoto kazi ya kushika, kazi ambayo ni ya kamba. Kwa hivyo hiyo cherehani nitaipeleka mimi kwa fundi Nyongesa kule bazaa, na kuirudisha, bila malipo. Ana cherehani kuukuu, hawezi kukosa gurudumu."

"Na Nyongesa atapewa gunia la mahindi," alisema Mama. "Chepngeno atalipukuchua kwa vidole vyake mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

Mama alinyoosha mkono, na Chepngeno akampa sweta. Alidhani Mama ataikunja na kuifungia sandukuni. Badala yake Mama aliwapa watu mgongo, akaiweka usoni, akakaa hivyo muda mrefu. Mabega yake yalipanda na kushuka. Majirani walitazama chini, wengine wakakumbuka kazi walizoacha nyumbani.

Mama alipogeuka, macho yalikuwa mekundu. "Siku tisa umeinusa peke yako," alisema, "na mimi nimelala hapo kando, natafuta harufu hii kwenye blanketi, siipati. Mbona hukuniambia, mwanangu? Tungeinusa wote."

Maneno hayo yalimwuma Chepngeno kuliko fimbo yoyote. Alimwendea Naftaly, akasimama mbele yake. "Nisamehe, mzee."

Naftaly alimwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe. Mimi nina mwana Nairobi ambaye sijamwona miaka miwili. Angeniletea hata soksi yake, ningeinusa." Alikohoa, akashika kamba ya Sukari, akaenda zake.

Gunia lile lilimchukua Chepngeno jioni sita. Vidole gumba vilivimba, vikatoa malengelenge, na kalamu ilimshinda shuleni. Hakulalamika. Jumanne iliyofuata Naftaly aliirudisha cherehani ikiwa na gurudumu jingine, jekundu kidogo kwa kutu, lakini linazunguka. Aliitikisa mbele ya Mama, Mama akasikiliza, Naftaly akaipiga kofi. "Sasa ni yako." Jioni hiyohiyo Mama alishona kwa mara ya kwanza. Mshono ulikwenda upogo kama njia ya mbuzi, akaufumua, akaanza tena.

Alipokuwa akishona, alisema bila kuinua kichwa, "Kumtamani Baba si kosa, Chepngeno. Hata mimi namtamani, na sitakuambia uache. Lakini hamu yetu ni mzigo wetu. Tukiinyamazia, ikavunja kitu, akalipa mtu mwingine, hapo tumeibeba vibaya. Ukivunja, sema mapema, wakati bado ni neno moja tu. Sasa lete kalamu. Baba yako anangoja jibu, na habari hizi atazisoma kwa mkono wako."

Chepngeno aliketi karibu na taa. Kimaiyo alikuwa amelala kwenye mkeka, sweta imemfunika hadi kidevuni. Aliandika kila kitu, hata yale ya kuruka mstari, na hakuacha neno. Mkono uliuma. Karatasi ilipokaribia kuisha, palibaki nafasi ndogo chini kabisa. Alifikiri, kisha akaandika:

"Baba, cherehani imepona. Sisi bado tunakungoja."